Gauni la Kushonewa Mwilini

Jumatatu, 12 Juni 2017

Daftari hili si langu. Ni la Mwalimu Nyaboke, Mkenya anayefundisha historia ya mavazi pale chuoni, mtaa wa pili kutoka karakana yangu hapa Doornfontein. Amenikabidhi pamoja na kazi. "Mama Shekinah," akasema, "kila siku andika umeshona nini na umeona nini. Andika kwa Kiswahili, mimi nitasoma." Basi naandika. Mimi ni Jeannine, fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira, nimeishi mji huu miaka zaidi ya ishirini, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya suruali.

Kazi yenyewe ni gauni moja. Wanafunzi wataigiza mchezo kuhusu malkia wa Ulaya, wa miaka kama mia nane iliyopita, anayevikwa taji akiwa kijana na kufa kabla mwaka haujaisha. Malkia huyo ni binti yangu Shekinah. Yuko mwaka wa kwanza, na kati ya wasichana wote wamemchagua yeye. Nilipopigiwa simu nilipiga vigelegele mpaka wateja wakageuka.

Leo Mwalimu kanionyesha picha za hariri za zama hizo. Ndege wawili wawili wanatazamana ndani ya duara, simba, majani, yote yamefumwa wala hayakuchapishwa. Zari yao, ile nyuzi ya dhahabu, kaniambia, ilikuwa utumbo wa mnyama uliokatwa vipande vyembamba, ukapakwa dhahabu na kuzungushwa kwenye uzi wa hariri. Nikamwuliza vitambaa hivi vimedumuje miaka yote bila kuliwa na nondo.

"Vingi vimetoka makaburini," akasema. "Wafalme na maaskofu walizikwa na hariri zao. Makaburi yalipofunguliwa ndiyo tukajua walikuwa wanavaa vipi. Hata hii pateni yako ya kukatia gauni, mama, imetoka kwa malkia aliyezikwa nayo."

Aliyasema hayo huku anakunywa chai. Yangu niliiacha ikapoa.

Jumatano, 14 Juni

Baridi kali. Kaptula za shule na zipu mbili. Sina la kuandika.

Ijumaa, 16 Juni

Sikukuu. Nimekwenda Fordsburg kwenye maduka ya vitambaa na mume wangu Placide, ambaye leo hakuwa zamu. Ni mlinzi wa jengo la ofisi, basi hata dukani husimama mlangoni kama aliyelipwa kusimama hapo.

Muuzaji aliapa kwamba majora yote mawili ni hariri. Nikachomoa nyuzi, nikatoka nje, nikaziwasha kiberiti. Ya kwanza ilijikunja ikawa kidonge kigumu cheusi. Hiyo ni plastiki. Ya pili ilizimika yenyewe, ikaacha majivu laini na harufu ya nywele zilizoungua.

"Inanuka mutu," Placide akasema, akarudi nyuma hatua nzima.

"Inanuka hariri," nikamjibu. "Imetoka kwa mududu mwenye uhai, unataka inuke sabuni?"

Tumenunua hiyo ya pili. Nyekundu iliyokolea, ndege wa zari wanatazamana. Njiani kurudi nyumbani Joubert Park hakutaka kubeba mfuko.

Jumanne, 20 Juni

Nimekata. Mafundi wa zamani nimewapenda, walikuwa wabahili kama mimi. Kitambaa chao kilikuwa chembamba na ghali, kwa hiyo walikata mistari iliyonyooka, wakaingiza pembetatu pembeni ili sketi ipanuke, na hakikutupwa hata kipande cha kidole. Nilikuwa nafurahi kabisa mpaka tulipofika kwenye mikono.

Mkono unabana kuanzia kiwiko hadi kifundo. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Nikamwuliza Mwalimu mtu anaingizaje mkono humo.

"Unaacha wazi. Akishavaa, unamshonea. Asubuhi unashona, jioni unafumua. Mabibi wakubwa walifanya hivyo kila siku."

"Unamshonea akiwa amevaa?"

"Ndiyo, mama. Mwilini."

Nikaweka mkasi chini. Marehemu mama yangu alikuwa fundi, aliwashonea watu wa Uvira nguo za arusi na sanda kwa sindano moja, na alikuwa na sheria moja tu. Aliye hai huvua nguo ndipo ishonwe. Anayeshonewa mwilini ni maiti, kwa kuwa hawezi kuvua. Ikilazimika, kifungo kimekatika na watu wanasubiri, basi anayeshonewa atafune kipande cha uzi muda wote, maana maiti hatafuni. Sisi watoto tulitafuna nyuzi nyingi kuliko ubwabwa.

Nilimweleza Mwalimu. Hakunicheka, hilo namshukuru. Alisema tu, "Basi Shekinah atatafuna uzi. Tatizo liko wapi?"

Ijumaa, 23 Juni

Upepo wa vumbi. Bitana imekwisha.

Jumanne, 27 Juni

Leo nimemvisha. Mwanangu alisimama juu ya kiti katikati ya karakana, hariri ikamwagika mpaka chini, na mama wa watu nikasahau kila nilichokuwa nakiogopa. Ni mrefu kama baba yake. Ana shingo ya kuvalia taji.

Shekinah anasikia Kiswahili chote lakini hajibu nacho. Hujibu kwa Kiingereza, akikasirika kwa Kizulu. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili maana mkono wangu haujui kuandika mengine.

"Haibo, Ma, ladha yake ni vumbi," akasema uzi ukiwa mdomoni.

"Tafuna. Usizungumze, utaumeza."

Nikamshonea mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mshono mfupi mfupi usiofumuka. Sifa yangu mjini ni hiyo. Ulikaa kama ngozi yake. Jioni nikafumua, akainua mikono juu, akacheka kwamba imepata hewa.

Halafu nikaambiwa sehemu ya mwisho ya mchezo. Malkia anapokufa analazwa juu ya jeneza, na gauni hilohilo, mikono ikiwa imeshonwa. Nilidhani anakufa kitandani, nje ya macho ya watu. Hakuna aliyenieleza.

Jumanne, 4 Julai

Mkono wa kushoto umelegea. Wiki iliyopita ulikaa sawa. Nimeubana. Labda hariri imejivuta.

Ijumaa, 7 Julai

Hariri haijajivuta. Nilikitundika kipande kutwa nzima na pasi ya chuma chini yake, nikakipima. Kiko vilevile.

Leo wa kulia nao umelegea. Nikabana yote miwili. Pia katikati ya mazoezi Shekinah aliomba kwenda chooni, na gauni lenyewe lina mkia wa hariri wa kufagia ukumbi. Tulikwenda watu wawili, mimi nimebeba mkia. Baada ya muda mfupi akaomba tena. Mara ya tatu nikamfokea mbele ya wenzake. Anakunywa maji chupa kubwa baada ya chupa kubwa, halafu anashangaa.

"Nina kiu, Ma. Hapa ndani kuna joto la taa."

Taa gani? Mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili.

Jumatatu, 10 Julai

Ameukataa uzi. Wenzake walikuwa wanapiga picha na simu, mmoja akamwuliza mbona anatafuna kama mbuzi. Akautema kwenye kiganja changu, akaniambia kwa Kizulu maneno ambayo sitayaandika. Nikashona bila uzi mdomoni mwake. Nilijichoma sindano mara tatu, jambo ambalo halijanitokea tangu ujana wangu.

Alhamisi, 13 Julai

Macho yangu ya karibu yamechoka, na tangu Shekinah ana miaka sita yeye ndiye mtunga uzi wangu. Akirudi kutoka masomoni ananitungia sindano zote za kesho, anazichomeka kwenye mto mwekundu. Leo alishindwa. Alilamba uzi, akalikosa tundu, akalamba tena, akakosa. Aliisogeza sindano mbali, kisha karibu na pua.

"Eish, sindano hizi mpya ni mbovu," akasema.

Si mpya. Nilizichukua mwenyewe, na mimi mzee nikatunga mbili.

Jumamosi, 15 Julai

Nimebana mikono tena. Nyama ya mwanangu inaondoka ndani ya kitambaa changu na mimi ndiye ninayelifuata hilo kwa sindano. Mfupa wa kifundo umetokeza. Nilimwuliza kama anajinyima chakula ili apendeze jukwaani, au kama kuna mvulana aliyemwambia ni mnene. Akacheka, akasema anakula kuliko Papa, yaani baba yake. Ni kweli, jana alimaliza ugali wangu na wake.

Nikamwambia Placide wakati anavaa sare ya kazi. "Baba Sheki, mutoto anakonda."

"Minaona. Umupeleke kliniki."

"Kliniki itasema nini? Hana homa, hakohoi."

"Mama Sheki, kliniki ndiyo ituambie, si wewe."

Wanaume hutaka kila kitu kiandikwe na mtu mwenye koti jeupe. Mimi najua lini ilianza. Ilianza nilipomchoma sindano akiwa ndani ya gauni la mtu wa kaburini.

Nimeanza kumpa chai yenye sukari nyingi asubuhi, na glukosi ya unga kwenye juisi, ili nguvu zirudi.

Jumanne, 18 Julai

Ukimshonea mtu mkono, uso wako uko karibu na wake. Mdomo wake unanukia ndizi zilizoiva zikapitiliza. Nikamwambia ateme bazoka anayotafuna, si adabu kwa malkia. Akafungua kinywa. Hakikuwa na kitu.

Moshi wa nyasi zinazoungua huko nje ya mji umeshuka mpaka hapa mtaani. Kila kitu kinanuka moto.

Ijumaa, 21 Julai

Soma hapa, Mwalimu, maana uso kwa uso nilikwambia nusu tu.

Nilikwenda ofisini kwako nikakuomba ubadilishe gauni. Nikasema weka zipu, weka vifungo, mfunike shuka pale mwishoni, nani atajua? Ukaniambia Shekinah amechoka sana siku hizi, amelala darasani mara mbili, na kwamba ulikuwa unataka kunipigia. "Mama, mpeleke hospitali. Hii si mambo ya gauni."

Nikakujibu kwamba gauni lako ndilo linalomla. Kwamba ninyi mliosoma mnafukua wafu, mnawavua nguo, mnachora pateni, kisha mnawapa watoto wa watu wavae. Halafu ukasema uko tayari kuondoa sehemu ya jeneza, hata kumpa nafasi msichana mwingine mpaka Shekinah apone.

Shekinah alikuwa mlangoni. Alilia mpaka akatapika kwenye pipa lako la karatasi. Aliniambia kwamba hili ndilo jambo moja zuri lililowahi kumpata na mimi nataka kumnyang'anya kwa sababu ya uzi. Akaapa mbele yetu kwamba haumwi na kwamba baada ya onyesho atakwenda hospitali yoyote tutakayotaja.

Nikakubali. Ninachokuomba unielewe ni kwamba nilikubali kwa sababu nilidhani naijua dawa.

Jumapili, 23 Julai

Kanisa letu liko ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya mji. Chini ni maduka ya jumla. Baada ya ibada nilimfuata Mama Thérèse, kiongozi wa akina mama wa maombi. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja. Sauti yake ni kubwa, mambo ya watu yote anayajua, na aliwahi kusema mbele ya kikundi kwamba nashona mapindo nikiwa na haraka. Lakini akiomba, anaomba.

Nikamweleza juu ya gauni na kaburi, nikamwomba atangaze mfungo wa siku tatu, mimi na mtoto, bila chakula.

Alimtazama Shekinah aliyekuwa ameegemea ukuta, koti limemning'inia. Akamshika kidevu. Akainama akamnusa, ndiyo, akamnusa kama samaki wa sokoni.

"Mama Shekinah, huyu mutoto asifunge. Funga weye. Yeye umupeleke hospitali kesho asubui, si kesho kutwa."

"Nimekuomba maombi, sikukuomba hospitali."

"Maombi tutafanya. Lakini hii harufu mie minaijua. Marehemu bwana yangu—"

Sikumngoja amalize. Nilimshika mwanangu mkono nikateremka ngazi. Kila mtu ana marehemu wake wa kutolea mfano.

Jumatano, 26 Julai

Tumeanza kufunga jana, mimi na Shekinah, nyumbani, bila kumwambia mtu. Hakubisha. Kasema chakula chenyewe hakimpiti, tumbo linamuuma. Maji nimemruhusu. Nimemwambia baba yake kwamba ana kichefuchefu cha woga wa jukwaa.

Analala sana. Anapumua kwa nguvu hata akiwa amelala, kama mtu aliyepanda ngazi za jengo lote.

Alhamisi, 27 Julai

Anapumua vilevile. Kesho ni onyesho. Kesho kutwa nalifumua gauni hili lote, pembetatu moja moja, na kuliteketeza.

Jumapili, 30 Julai

Naandika kwenye benchi la korido ya hospitali. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitapiga kelele na watanitoa nje.

Ijumaa asubuhi tulifungua mfungo. Nilimpa maji ya glukosi na asali vijiko vinne, kwa mkono wangu huu. Alitapika. Akasema sasa anajisikia mwepesi. Jioni nikamvisha nyuma ya jukwaa. Mikono ya gauni ilikuwa imemlegea tena, upana wa kidole kizima, baada ya yote niliyokwisha kubana. Nikamwekea uzi mdomoni, naye hakukataa. Ulimi wake ulikuwa mkavu, uzi ukaganda juu yake. Nilishona mkono wa kulia, nikashona wa kushoto, nikautazama mdomo wake. Uzi ulikuwa palepale nilipouweka. Nikajiambia ametafuna. Nikaung'oa, nikautia mfukoni.

Aliigiza. Wote wanasema aliigiza vizuri kuliko siku zote, maana malkia anapougua hakuna aliyeona tofauti.

Nilikaa safu ya pili na Placide, aliyeomba ruhusa kazini. Mama Thérèse alikuja, sikumwalika, akakaa upande wangu wa pili na mkoba wake magotini. Ikafika sehemu ya mwisho. Wavulana wanne wakambeba, wakamlaza juu ya jeneza, wakautandaza mkia wa hariri ukaning'inia mpaka sakafuni. Taa ikabaki juu yake peke yake. Mazoezini Shekinah alikuwa akibana pumzi mpaka wenzake wanaogopa. Safari hii ndege wa zari kifuani mwake walikuwa wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka, upesi, kwa nguvu, na kinywa kiko wazi.

Nikafikiri, ataharibu. Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo. Kwamba watu wataona malkia anahema.

Taa zikazimika, zikawaka. Wenzake wakapanga mstari, wakainama. Ukumbi ulisimama kupiga makofi, miluzi, watu wanaita jina lake. Yeye alibaki amelala. Watu wakacheka, wakazidisha makofi, wakidhani ni kionjo cha mchezo.

Mama Thérèse akanishika bega. "Mama Shekinah, ile si mchezo." Naye ndiye aliyepanda jukwaani kwanza, na mwili wake ule mnene, akapiga kelele ya kunyamazisha ukumbi mzima: "Ambulansi! Mutoto ana sukari! Ambulansi!"

Nilipofika, nilimwita. Macho yalifunguka nusu, hayakunitafuta. Nilimpiga mashavu. Placide alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, "Amekula nini leo? Jeannine, amekula nini?" Nikamjibu mbele ya watu wote. Hakusema neno tena. Ukimya wake ule bado unaendelea.

Watu wa ambulansi walikuja mapema kuliko nilivyostahili. Mwanamke mmoja alimchoma kidole, akatazama kimashine chake, akamwambia mwenzake kwamba sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma. Akataka mshipa. Akaishika hariri, akaivuta juu, haikwenda. Akatafuta zipu.

"Mkono! Nani anafungua hii? Nipeni mkono!"

Mkasi wangu ulikuwa chumba cha kuvalia. Nilipiga magoti, nikauuma uzi kwa meno. Uzi wa hariri, umekunjwa mara mbili, mshono mfupi mfupi usiofumuka. Nilivuta mpaka fizi zikatoa damu na ulikatika mmoja tu. Niliyemshona mwanangu ni mimi, na sikuweza kumfumua.

Mwalimu Nyaboke ndiye aliyenisogeza. Aliishika hariri begani kwa mikono miwili akaipasua. Hariri ikipasuka hulia, na ukumbi ulikuwa kimya, kila mtu aliisikia. Aliipasua kuanzia bega mpaka kifundo, ndege na zari na yote, kitambaa alichokuwa akitukataza hata kukigusa bila kunawa. Mkono wa mwanangu ukatokea. Sikuwa nimeutazama bila kitambaa kwa siku nyingi. Nilikuwa naupima tu.

Wakapata mshipa mara ya tatu.

Daktari amenieleza leo, taratibu, kwa sababu nilimwomba arudie. Mwili wa Shekinah umeacha kutengeneza insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Hutokea kwa vijana, hakuna aliyemroga, hakuna gauni lililomfanya hivyo. Kiu, choo, kukonda, macho kuwa na ukungu, harufu ile ya mdomo, kuhema, vyote ni kitu kimoja. Nikamwambia juu ya glukosi. Nikamwambia juu ya mfungo. Aliandika, hakunifokea. Ningependa anifokee.

Bado hajaamka vizuri.

Jumatatu, 31 Julai

Hajaamka vizuri.

Jumatano, 2 Agosti

Ameomba maji. Amemtambua baba yake.

Mama Thérèse huja kila siku na uji kwenye chupa ya chai, kwa ajili yangu. Anakaa, anaongea kwa ile sauti yake, wauguzi wanamnyamazisha. Leo nilimwuliza marehemu bwana yake alifanyaje. Akanisimulia mpaka mwisho. Alilala akihema hivyohivyo, huko Kalemie, na wao walikuwa wamemfungisha siku saba.

"Ile siku kanisani ungeningoja nimalize," akasema.

"Ningekungoja."

Akanimiminia uji.

Ijumaa, 4 Agosti

Mwalimu amekuja. Nilimpa daftari hili asome, mpaka pale nilipomtukana na kupita hapo. Alisoma lote amesimama, akanirudishia. Akaniambia niendelee kuliandika, si la chuo tena.

Nikamwuliza gauni atalifanya nini. Analiweka darasani, kasema, na mpasuko wake.

Jumanne, 8 Agosti

Tumerudi nyumbani. Placide amebeba mfuko wa dawa mwenyewe kutoka kwenye teksi. Amenisemesha leo: ameniuliza kama friji inafunga vizuri, maana dawa zinakaa humo. Nikasema inafunga. Ni mwanzo.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake, mtaa umetulia. Shekinah ni mwembamba kama utepe wa kupimia, na mikono yake bado inatetemeka, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo nitamchoma mimi. Asubuhi, mchana, jioni na akienda kulala. Muuguzi alinifundisha kwenye chungwa. Chungwa nilichoma vizuri, mimi ni mtu wa sindano.

Lakini asubuhi hii amekaa kwenye kiti cha karakana, ameinua blauzi, mimi nimeshika nyama ya tumbo lake kidogo ile iliyobaki, na mkono wangu ukakataa. Sindano kwenye mwili wa mwanangu, kila siku, maisha yake yote. Nilisimama hapo na dawa ikidondoka kwenye ncha. Nikasema nimsubiri baba yake arudi kutoka zamu.

Shekinah alinitazama. Akanyoosha mkono mezani, akavuta uzi kwenye kibiringo, ule mwekundu, akaukata kwa meno yake, akautia mdomoni. Akauhamisha shavu la kulia, akauhamisha la kushoto, taya zinakwenda waziwazi ili nione.

"Choma, Mama," akasema, kwa Kiswahili. "Unaona? Minatafuna."

Nikachoma.